Nyumba Niliyoifuta

Shela, Malindi
Baada ya alasiri

Mwanangu Rehema,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumba cha pili ukibishana na zipu ya mkoba wako. Ingekuwa rahisi kuja kuketi kitandani kwako nikakwambia kwa mdomo haya ninayoyaandika. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umetia sabuni. Habari za maji ya kunywa na chandarua na kupiga simu ukifika tumekwisha kuzisema, na shangazi yako atazirudia kesho mpaka basi liondoke. Mimi nina jingine.

Alhamisi iliyopita, tukila, ulimweleza baba yako kazi unayoiendea huko Hola. Ulisema mtapiga picha kutoka angani za vijiji vyote vya kando ya mto Tana, kisha kila nyumba mtaigeuza iwe umbo jepesi ndani ya kompyuta, lenye urefu, upana na kimo, ili ijulikane maji yakipanda yatafika kwa nani kwanza. Baba yako akauliza, "Na hizo nyumba mtakwenda kuziona?" Ukacheka. "Baba, siku hizi hakuna haja ya kutembea. Kompyuta yenyewe inajua hili ni paa na huu ni mti." Baba yako akanitazama mimi. Nikainuka kwenda kuongeza mchuzi, na bakuli lilikuwa limejaa.

Unajua kwamba niliwahi kufanya kazi hiyohiyo. Unachojua ni kuwa kazi ilipungua, ofisi ikapunguza watu, nami nikawa mmoja wao. Ndivyo tulivyokwambia. Ulikuwa darasa la sita, na tuliona ni maneno mepesi kwa mtoto. Si kweli, Rehema. Kazi haikupungua.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, chumba kimoja chenye kompyuta nne na feni moja iliyokuwa ikigeukia upande wa mkuu wetu tu. Kadenge ndiye aliyekuwa akirusha droni. Unamkumbuka, kijana mrefu wa Kigiriama aliyekuwa akikuletea mabungo. Droni ilipita ikipiga picha zinazopandana, na kompyuta ikizikutanisha picha zile ilitoa nukta, maelfu kwa maelfu, kila nukta ikiwa na mahali pake na kimo chake. Ukitazama kwa mbali unaona mji. Ukisogea unaona vumbi limesimama hewani. Kazi yangu ilikuwa kuingia ndani ya vumbi lile na kutoa nyumba. Nachora mzingo wake chini, napima ardhi iko wapi na paa limefika wapi, nachagua paa ni bapa, au la mgongo, au la pande nne, kisha nabonyeza. Inasimama nyumba isiyo na mlango wala dirisha, kama sanduku lililovaa kofia. Hayo ndiyo yaliyotakiwa. Kwa hesabu ya mafuriko, dirisha halina kazi.

Niliipenda kazi hiyo. Sikusomea chuo kama wewe. Nilifundishwa mezani, miezi mitatu, na mwaka haukwisha nikawapita walionifundisha. Waliniita Bi Mbio. Wenzangu wakitoa nyumba mia kwa siku, mimi natoa mia mbili, na saa kumi nakufuata shuleni nimevaa buibui langu nadhifu kama mtu aliyekuwa amelala. Nililipenda jina lile kuliko nilivyokubali. Mtu akimaliza kabla yangu nilikuwa nakosa raha hata chakula hakipiti.

Tulianza na upande wa ufukweni, palipo na mahoteli. Unayajua yale mapaa yao makubwa ya makuti. Kompyuta ilipoyaona iliyapaka rangi ya kijani ikayaita miti. Makuti si ni majani ya mnazi? Yamekauka, yana manyoya, na kwa mashine hakuna tofauti kubwa kati ya jani lililo juu ya mnazi na jani lililofungwa kwenye fito. Mkuu wetu akapita nyuma yetu, akaona hoteli nzima haipo, akashika kichwa.

"Jamani! Mwenyewe akiiona ramani hii, tutaficha wapi nyuso zetu?"

Basi tukayatengeneza kwa mkono, moja moja. Kuna hoteli moja nilikaa nayo siku mbili. Paa lake lilikuwa na mikunjo kumi na saba, na nikaitoa yote kumi na saba. Nakwambia hili usije ukanitetea kwamba sikujua. Nilijua mapema kabisa kwamba makuti huitwa miti.

Kisha zikaja picha za Magarini, vile vijiji vitano vilivyo bondeni, ukishavuka daraja la Sabaki. Kazi hiyo iliombwa na kamati ya wilaya iliyokuwa ikijiandaa kwa mvua. Walitaka visanduku vyetu ili wapate orodha: nyumba ipi iko chini, boti liende wapi kwanza. Tulipewa wiki mbili. Mimi nikasema mbele ya watu kwamba vijiji viwili vya mtoni nitavimaliza kwa siku nne.

Siku ya tatu Kadenge akaja mezani kwangu, akaegemea kiti.

"Dada Zuhura, hapa kwenye hii minazi umeweka nini?"

"Sijaweka kitu. Ni minazi."

"Kuna watu hapa. Nilipita nikifuata droni iliponitoka, nikasikia mtu anatwanga."

"Uliona paa?"

"Sikuona. Minazi imefunga. Lakini nilisikia kinu."

Nikamgeukia, na watu walikuwa wakisikiliza. "Kadenge, mimi nachora mapaa. Sichori sauti."

Wakacheka wote, hata mkuu. Kadenge naye akacheka kidogo, akarudi kukaa. Mwanangu, nimekosa mambo mengi maishani, lakini nikiamka alfajiri moyo umenipanda, neno linaloniamsha ni hilo.

Alipoondoka nikapatazama tena pale mahali. Sikuweza kuacha. Nikaizungusha picha mpaka nikawa kama nimesimama chini nikitazama minazi kwa ubavu. Katikati ya zile nukta za kijani palikuwa na nukta za kahawia, na katika nukta za kahawia palikuwa na mstari, mfupi, umenyooka. Mti hauoti mstari ulionyooka. Nilijua ninachokitazama. Nikahesabu: kuitoa nyumba ile kwa mkono ni nusu saa, na kama ipo moja, basi zipo nyingine kwenye minazi yote ile, na zote zitataka mkono. Siku nne zitakuwa nane. Mkuu alikuwa ametupa kanuni kwamba kila kijani kilicho chini ya kimo fulani, vichaka na vibanda vya kuku, kiondolewe ili faili liwe jepesi. Mgongo wa paa lile ulikuwa chini ya kimo hicho. Nikazichagua nukta zote za chini yake, za kijani na za kahawia, nikafuta. Kidole kimoja, hata sekunde mbili hazikupita. Siku ya nne nikakabidhi kazi, nikapigiwa makofi, nikapita sokoni nikakununulia viatu vya Idi.

Mvua kubwa ilinyesha huko bara, na Sabaki ikafurika kwetu ambako hata mawingu hayakuwepo. Maji yaliingia bondeni alfajiri. Boti zilikwenda na karatasi za orodha yetu, na wenye nyumba za mabati walitolewa haraka, kwa mpango, hata redioni wakasifu. Ofisini tulikunywa soda.

Siku ya tano tukasikia kuna mzee amekutwa amekufa kwenye matete, karibu na mto unapoingia baharini. Mzee Charo. Kadenge ndiye aliyeileta habari, kwa sababu mama yake anatoka huko. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Ni yule wa kwenye minazi," akasema. Hakunitazama mimi peke yangu. Alitutazama sote.

Yaliyotokea niliyasikia baadaye, kwa mkewe, nami nakupa kama alivyonipa. Mzee Charo na mkewe Kadzo walipanda juu ya paa lao maji yalipofika kifuani. Walikaa huko siku nzima na usiku wake. Siku ya pili wakaona boti, ng'ambo ya shamba, linakwenda kwenye nyumba za mabati. Wakapiga kelele, wakapunga kanga. Injini ina makelele yake, na waliokuwa ndani walikuwa wakisoma karatasi. Boti likapita, likarudi limejaa watu, likapita tena. Mzee akasema, "Hawa hawajui kama tuko. Nitawafuata." Akafunga madumu mawili matupu kiunoni, akashuka. Kadzo alimwona mpaka kwenye mwembe wa jirani. Baadaye hakumwona. Yeye alitolewa kesho yake na mtu aliyekuwa akitafuta ng'ombe zake kwa mtumbwi.

Sasa sikia nilichofanya mimi, kwa maana kufuta lilikuwa kosa la kwanza, na si kubwa kuliko la pili.

Kamati ilitaka maelezo. Mkuu wetu akaandika karatasi, akaileta mezani kwangu nitie sahihi kwa kuwa eneo lilikuwa langu. Iliandikwa kwamba nyumba zilizofichwa na miti hazingeweza kuonekana kutoka angani, na kwamba kila kipimo kina mipaka yake.

"Ni kweli, si ni kweli?" akaniuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu.

Nikasema, "Ni kweli." Nikatia sahihi. Herufi zangu zilikuwa nzuri siku ile, hazikutetemeka.

Nilikaa na sahihi ile miezi minne. Nilikuwa nikipika, nikisali, nikikukagulia hesabu zako, na hakuna aliyenijua. Baba yako aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni macho, ni ile kompyuta. Akaninunulia miwani. Nilikuwa na miwani ya uongo usoni, na kila nikiivaa nilijiona mwongo. Kadenge hakunisema kwa mtu. Alinisalimia kila asubuhi, "Sabalkheri dada," akaketi. Ningefurahi lau angenitukana.

Siku moja, ofisini pamepoa, nilifungua lile faili la kwanza kabisa, la kabla ya kufuta. Nilitaka kujithibitishia kwamba mstari haukuonekana vizuri. Nikaupata mara moja. Ulionekana vizuri kuliko nilivyokumbuka. Nikaitia picha kwenye kompyuta ndogo ya ofisi, nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako yote, pale jikoni, nimesimama. Akasikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole. Akasema, "Kesho nitakupeleka," akaenda kujaza petroli kwenye pikipiki.

Alinisubiri barabarani. Nikaingia mwenyewe kwenye minazi. Kadzo alikuwa amejengewa kibanda na ndugu zake hapohapo ilipokuwa nyumba, na alikuwa akichambua kunde. Kila mtu pale anamwita hawe, kama sisi tunavyosema bibi.

"Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoka wapi?"

"Malindi. Mimi ndiye niliyeitengeneza ile karatasi waliyokuwa nayo watu wa boti."

Mikono yake ikasimama. Nikamwambia. Sikujua kulieleza vizuri. Nilisema habari za nukta, na rangi, na kanuni ya kimo, na nikaona nazunguka, nikakata. Nikasema, "Niliiona nyumba yenu, nikaifuta."

Akasogeza kunde kando. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikaifungua kompyuta juu ya mkeka, nikaizungusha picha mpaka tukawa tunatazama kwa ubavu, kama nilivyoitazama siku ile. Nikamwekea kidole kwenye zile nukta za kahawia. Aliinama karibu sana. Alikaa akitazama, na nilidhani haoni kitu, maana hata watu wa kazi huchukua siku kuzizoea nukta. Akaweka kidole chake juu ya ule mstari, akaupitisha mwanzo mpaka mwisho.

"Huu ni mgongo wa paa," akasema. "Charo aliunyoosha kwa uzi. Watu walimcheka, nyumba ya makuti yapimwa kwa uzi ya nini. Akasema hataki kulala chini ya kitu kilichopinda."

Akanigeukia.

"Na wewe uliuona hivi? Umenyooka hivi?"

"Niliuona, hawe."

"Ukafuta."

"Nikafuta."

Nilikuwa nikilia sasa. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia mvua wakati ana nguo nje. Akarudisha mikono kwenye kunde.

"Nyuma ya mnazi ule kuna nyumba ya Sidi, mke wa mwanangu. Ng'ambo ya mfereji kuna za kina Mwagandi, tatu. Kule kwenye mikorosho kuna mwalimu wa madrasa na watu wake. Hao nao umewafuta?"

"Sijui."

"Basi kaangalie," akasema. "Leo nenda. Ukija tena usije kulia hapa. Mimi nimelia, yatosha."

Hakunisamehe, Rehema. Nataka ulijue hilo, kwa sababu ungetamani niseme amenisamehe, na mimi mwenyewe nilitamani. Hakusema siku ile, na hajasema mpaka leo, na sijamwomba tena.

Nikaandika barua kwa kamati, ukurasa mmoja, kwamba sahihi yangu ilikuwa ya uongo na kwamba nyumba ilionekana. Nakala nikampa mkuu wetu mkononi. Akaisoma, akavua miwani yake, akaniambia, "Zuhura, unajua kwamba siwezi kukuweka tena hapa." Nikamwambia najua. Hivyo ndivyo kazi ilivyopungua.

Jioni ile nikaenda kwa Kadenge. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile siku waliyomcheka, na nilikuwa nimepanga maneno. Alinikatiza katikati.

"Dada, mafaili ya kwanza ninayo. Tuanzie wapi?"

Ule mwaka unaoukumbuka wewe kama mwaka wa mahamri, mwaka mama alipokuwa akikaanga ya kuuza alfajiri kisha akipotea mchana kutwa, nilikuwa Magarini. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, vijiji vyote vitano, siku tulizojaaliwa. Kadenge alikuwa ameomba likizo bila mshahara. Tulikuwa na simu ya kupimia mahali, kamba, na daftari. Tunabisha hodi, tunapima pembe nne za nyumba, tunapima kimo cha mgongo wa paa kwa mti mrefu tuliouchonga alama, tunauliza nani analala humu na nani hawezi kutembea. Watu wengine walitufukuza. Mmoja alituuliza kama tumekuja kumuuzia shamba lake. Kuna mama alitukalisha akatulisha mpaka siku ikaisha hatujapima kitu. Tulikuta nyumba arubaini na moja ambazo kwenye kazi ya ofisi yetu zilikuwa miti. Nyingine hazikuwa hata chini ya minazi. Zilikuwa wazi kabisa juani, makuti yake yamezeeka yakapata rangi ya udongo, na kompyuta ikazipita kama ardhi.

Usiku wako mwingi wa kusoma mezani, mimi nilikuwa ncha ya pili ya meza ileile, na wewe ulidhani nachora michoro ya mishono. Nilikuwa nikizitoa. Sanduku na kofia, sanduku na kofia, lakini sasa nikichora mgongo wa paa najua ni nani aliye chini yake. Sikufanya haraka. Niligundua kwamba sikuwa na mwendo wowote wa kawaida, nilikuwa najua kukimbia tu, na ilibidi nijifunze kazi ileile upya, nikiwa mtu mzima, mbele ya Kadenge, aliyekuwa akinirekebisha bila kupandisha sauti.

Kamati waliipokea kazi ile shingo upande. Haikuwa na muhuri wa ofisi. Nahodha mmoja wa boti, mtu mnene aliyekuwa pale siku zile za kwanza, ndiye aliyeichukua. Alituambia, "Mimi ndiye niliyepita. Nilifuata karatasi." Akaikunja ile mpya akaitia mfukoni mwa shati, na kabla ya mvua iliyofuata alikuja na vijana wake tukalipitia bonde zima kwa miguu, wakizikariri nyumba.

Ulipokuwa kidato cha pili, Sabaki ilifurika tena. Ulikuwa bwenini. Safari hii watu walitolewa siku moja kabla, na katika vijiji vile hakuna aliyekwenda juu ya paa. Maji yakachukua mahindi, yakachukua mbuzi wa watu, yakaangusha nyumba ya Sidi. Kadzo alikuwa shuleni juu kilimani amekalia mkeka wake, akilalamika kwamba chai ya pale ni maji matupu. Nilipomsalimia akaniambia, "Kaa," akanisogezea kikombe. Nikaketi, tukainywa. Ilikuwa maji matupu kweli.

Mzee Charo hakurudi kwa hayo, na mimi sijidanganyi kwamba moja limelipa jingine.

Nimeandika mengi na jua limeshuka, nakusikia umeshinda zipu. Sikutaka kukufundisha kazi. Kompyuta zenu ni bora kuliko zetu mara nyingi, na huenda kweli zinajua paa na mti. Wala sikuambii usiziamini. Ninalokwambia ni kwamba mimi haikunidanganya kompyuta. Ilikosea, nami nikaona imekosea, nikachagua kosa lake kwa sababu lilikuwa jepesi kwangu na kwa sababu wenzangu walikuwa wakinitazama. Ikikufika saa hiyo, na utakuwa umechoka, na wakubwa wako watakuwa na haraka, na utakuwa na jina zuri la kulinda, ujue mama yako alifika hapo kabla yako na akafanya vibaya. Huna haja ya kwenda njia ile ili uijue. Nimekwisha kuiendea kwa ajili yetu sisi wawili.

Na ukikosea hata hivyo, kwa kuwa wewe ni binadamu, usikae miezi minne. Sema asubuhi yake. Kazi inapatikana nyingine. Mahamri yalitulea vizuri tu, na wewe ulinenepa mwaka ule kuliko yote. Mtu akikwambia amesikia kinu, inuka kitini kwako, uende. Hola kuna joto na njia za mchanga, utarudi miguu imechubuka, na kazi ya siku moja itakula siku tatu. Acha ikule. Watakuita mzembe. Acha wakuite.

Kesho stendi nitakuwa na shangazi yako na watu, na sitasema lolote katika haya. Nitakukumbatia nikuombee dua kama mama yeyote. Barua hii nitaitia chini ya nguo zako, utaikuta ukishafika. Ukimaliza kuisoma usinipigie kunipoza. Sihitaji kupozwa, na nitalia bure watu wasinielewe. Nipigie siku utakapoikuta nyumba ambayo kompyuta yenu imeiita mti. Nitaacha chochote ninachokifanya. Uniambie iko wapi, paa lake likoje, na ni ya nani.

Mimi mama yako,
Zuhura